Goti la Herufi K

Nikiri upuuzi wangu kwanza, maana usipousikia kwangu utausikia kwa Etabo, niliyesoma naye, na Etabo hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Nilipokuwa na miaka minane, saa sita mchana, jua likiwa utosini, niliiba kipande cha muhogo mkavu wa mama, nikaenda kwenye ukuta wa shule ambayo askari walikuwa wameigeuza kambi yao pale mjini kwetu Baraka, nikaandika kwa herufi kubwa za kuunganisha, zenye matao na mikia yake yote: "Komanda rudisha jogoo yetu." Sikutia jina. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kupita watu wote wa Fizi, kuanzia milimani hadi ziwani. Nitajulikanaje bila jina? Nilirudi nyuma hatua mbili, nikainamisha kichwa upande, nikaitazama kazi yangu kama fundi anayetazama mlango aliomaliza kuutundika. Wala sikukimbia. Nilibaki pale nikiipenda. Ukiniuliza leo kosa langu lilikuwa nini hasa, sitakuambia kwamba ni kumwandikia komanda. Komanda alistahili kuandikiwa. Kosa langu ni kwamba niliandika vizuri mno.

Ili uelewe jinsi mtoto mwenye akili timamu anavyofika hapo, na akili nilikuwa nazo, shahidi ni mimi mwenyewe, itabidi kwanza unuse ufuo wetu wa kiangazi kile cha vita. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa mchangani, na harufu yao ilikushika kooni tangu asubuhi. Juu ya mawe palikuwa na mihogo iliyotoka kuloweshwa, chachu yake kali ikipanda na joto. Halafu, upepo ukigeuka, ulikuja moshi wa madawati. Askari walipikia madawati ya shule. Mti uliopakwa vanishi ukiungua una harufu yake peke yake, tamu kidogo, ya kuumiza kichwa, na sisi watoto tulijifunza kuitambua. Tukiisikia tulisema, leo wanakula darasa la tatu. Dawati ambalo mimi ningelikalia mwaka ule liliivisha maharage ya watu nisiowajua, na hakuna aliyenipa hata kijiko kimoja.

Tulikuwa tumerudi kutoka milimani. Vita vilipoingia tulipanda juu, tukalala mashambani kwa watu kwa muda ambao mama huuhesabu kwa mavuno ya mihogo wala si kwa miezi, na huko juu mikono yangu ilijifunza jembe, panga na kubeba kuni. Ilijifunza vizuri. Viganja vilikuwa vigumu kama soli ya sandale. Lakini siku nilipopewa kijiti niandike herufi mchangani, kile kijiti kilivunjika. Nikapewa kingine, nacho kikavunjika. Watoto wenzangu walicheka, nami nikacheka nao kwa sauti kuliko wote, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa: nikiona aibu inakuja, naenda kuipokea njiani.

Aliyenipa kijiti aliitwa Madamu Riziki. Alikuwa mwalimu aliyekimbia kutoka pande za Mboko akiwa na mfuko mmoja, saa ya kiume isiyotembea na sandale mbili ambazo hazikuwa ndugu. Alipoona shule ina askari, hakwenda kulia mlangoni kwao. Alishuka ufuoni, akaomba kwa wavuvi kamba mbili za wavu uliochakaa, akazikaza mchangani kwa vigingi, moja juu na moja chini, akasema hiyo ndiyo mistari ya daftari. Herufi fupi zilikaa kati ya kamba, herufi ndefu ziliruhusiwa kuruka kamba ya juu, na yenye mkia ilichungulia chini. Tulikuwa watoto kama thelathini hivi, tumepiga magoti mstari mmoja kando ya ndagala za mama zetu. Askari walipita katikati yetu wakienda kuoga, na mabuti yao yaliharibu kila kitu. Madamu aliwaacha wapite, akainama, akakaza kamba zake tena, akatuambia, "Andika ingine." Wimbi likija likala mstari mzima, ni vilevile: "Andika ingine." Sikuwahi kumsikia akiongeza neno juu ya hayo. Hakulalamika kuhusu mabuti kama vile hakulalamika kuhusu ziwa.

Lakini kabla ya kufika kwenye kuandika tulimaliza majuma mengi bila herufi hata moja, na hicho ndicho kilichowashangaza wazazi. Siku ya kwanza Madamu hakumuuliza mtu kama anajua a, e, i, o, u. Alitushika mikono, mmoja baada ya mwingine, akibonyeza vidole kama anayechagua nyanya sokoni. Alipofika kwangu alikunja uso. "Hii mukono inajua jembe," akasema. "Kalamu, haiyijui. Vidole ingali inalala." Akatupa kazi ya kuviamsha. Tulichambua maharage kwa kidole gumba na cha shahada tu, moja moja, ole wako utumie kiganja. Tulifinyanga udongo wa mtoni vidonge vidogo kama punje za mahindi. Tulifunga mafundo ya nyavu zilizochanika, na wavuvi wakafurahi sana, wakaanza kutuletea nyavu ambazo hata hazikuwa zetu za kujifunzia. Mpaka leo sijui nani alimtumikisha nani. Na tulifunga vifungo. Shati lenye vifungo vyote darasani lilikuwa moja tu, la Etabo, kwa hiyo kila asubuhi Etabo alisimama wima kama sanamu ya kanisani, na watoto thelathini wakapanga foleni kumfunga na kumfungua. Anasema alipata mafua ya kudumu kwa ajili ya elimu yetu. Nimeshakuambia kuhusu chumvi yake.

Mama alipogundua kwamba kuchambua maharage kunaitwa mazoezi, maisha yangu yaliharibika. Mama yangu hakuwahi kuingia darasani, hajui kusoma hata jina lake, lakini neno hilo alilidaka kama anavyodaka bei nzuri. Kukonyoa sombe, yaani majani ya muhogo, mazoezi. Kutoa mawe kwenye mchele, mazoezi. Kubangua karanga, kuparua ndagala, kumtafutia dada yangu mdogo chawa kichwani, yote mazoezi. Siku moja alinipa ndoo nishuke ziwani, nikaona nimtege.

"Mama, hata maji ni mazoezi ya vidole?"

"Ndoo unashikaka na nini? Na masikio?"

Nikaenda. Ungefanyaje?

Siku ilipofika ya kuandika, tulianza kwa kidole chenyewe mchangani: mawimbi, fimbo zilizolala kidogo kama watu wanaotembea dhidi ya upepo, halafu matao yanayopanda na kushuka bila kuinua mkono. Kisha kijiti. Kisha, kwa waliofuzu, ubao. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa mtumbwi uliovunjika, tulioupaka unga mweusi wa mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha, na chaki yetu ilikuwa muhogo. Muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri unaandika safi, mweupe, laini, haupigi kelele. Una kasoro moja tu, kwamba unalika. Madamu alihesabu vipande kabla ya somo na baada ya somo, na aliyekuwa na unga mdomoni alitoa ulimi nje mbele ya wote. Mimi nilitoa ulimi mara nne. Sioni haya. Shule ambayo chaki yake inashibisha haikuwahi kuonekana tena, na serikali ingefaa kulifikiria jambo hilo.

K ndiyo iliyonitesa. Herufi nyingine zilikubali moja baada ya nyingine, lakini K yangu ilikuwa mlevi. Madamu alisema K ina mgongo, mkono na goti. Mgongo unashuka wima, mkono unapanda, na pale vinapokutana kuna goti dogo ambalo lazima lipinde kabla mguu haujanyooka, kama mtu anayejiandaa kupiga mpira. Mgongo niliuweza. Mkono, naam. Goti likakataa. Kila nilipofika pale, vidole vyangu vya jembe vilikaza, na mguu ukaruka moja kwa moja mpaka kwa jirani. "Usisukume," Madamu aliniambia. "Acha kidole kipumue." Nilifikiri ananitania. Kidole kina mapua? Niliandika K kwenye mchanga, kwenye majivu, kwenye unga wa mama nikapigwa, kwenye mgongo wa dada yangu akiwa amelala. Majuma yalipita. Halafu asubuhi moja, sijui nilikuwa nafikiria nini, pengine chakula, mkono ulifika pale kwenye kona, ukapumua, na goti likapinda lenyewe. Niliitazama. Nikaandika nyingine, ikapinda. Ya tatu, ikapinda. Nilihisi kitu kinatembea kutoka begani mpaka kuchani, kama maji yanayofika kwenye mfereji uliokuwa umeziba. Nikamwita Madamu kwa kelele. Alikuja, akaangalia, akasema "Mm," na wimbi likaja likazibeba zote tatu. "Andika ingine," akasema, akaenda kwa mtoto mwingine. Hakunisifu. Huyo mwanamke alikuwa hasifu mtu, na moyo wangu wa miaka minane uliungua kwa kiu ya sifa.

Juma hilohilo askari mmoja alikuja kwetu akamchukua jogoo. Alikuwa jogoo mwekundu asiye na mkia, aliyeupoteza huko milimani kwa sababu anazozijua mwenyewe. Tulipanda naye na tukashuka naye, mama akimbeba ndani ya kikapu akiwa amemfunika kwa nguo ili asitusaliti kwa kuwika. Askari alimshika miguu, akamwinamisha kichwa chini, akasema komanda ana wageni. Mama yangu ni mtu anayegombana na mvua ikichelewa. Amewahi kumfokea padri kwa sababu ya mahubiri marefu. Siku ile hakusema kitu. Aliangalia chini, akaendelea kugeuza ndagala zake, na jogoo akaondoka akipiga mabawa. Baba alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi Kigoma na hakurudi mpaka vita vilipopoa, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kusema. Nyama ya jogoo sikuililia. Kimya cha mama ndicho kilichoniuma, kikakaa tumboni mwangu siku mbili, na siku ya tatu nikachukua muhogo.

Ukuta wa shule ulikuwa umepakwa rangi mbili, juu nyeupe, chini nyeusi ya lami ili uchafu wa watoto usionekane. Ulikuwa ubao mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona, na hakuna wimbi lingeufikia. Askari walikuwa ziwani wanaoga. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mlango na kofia usoni, anakoroma. Niliandika polepole, nikaacha kidole kipumue, na ile K ya "Komanda" ilitoka na goti ambalo sijawahi kulirudia mpaka leo. Kisha nikaitupa chaki palepale chini ya ukuta. Nililala vizuri sana siku hiyo.

Asubuhi tulikuwa tumepiga magoti kwenye kamba zetu komanda alipofika, na askari wawili nyuma yake. Nilijua mara moja. Pale mjini palikuwa na watu wengi wanaojua kuandika, lakini mwandiko ule uliolala kidogo, wenye d inayokunja mkia nyuma, ulifundishwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amesimama na kigingi mkononi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Sikutia jina langu, lakini nilikuwa nimetia la kwake.

Walitupeleka wote kwenye ukuta. Mama zetu waliacha ndagala wakatufuata, wakasimama mbali kidogo na mikono vichwani, na mama yangu akiwa mbele yao. Komanda aliyasoma maneno kwa sauti. Aliyasoma polepole sana, kidole juu ya kila neno, akinyamaza baada ya kila moja, na mimi nilifikiri anafanya vile makusudi ili tuogope. Kama ni hivyo alifaulu. Kisha akamgeukia Madamu.

"Hii mwandiko ni ya kwako."

"Hapana, komanda."

"Kama si we, ni mutoto yako moja. Unanionyesha ye sasa hivi, ao unaingia kwa kasho, na ile masomo ya kule kwa muchanga inakwisha leo."

Kasho ilikuwa chumba cha stoo cha shule, kilichokuwa na dirisha dogo kama daftari. Watu waliingia pale wakiwa wanatembea, na si wote waliotoka hivyo. Nilimtazama Madamu. Alikuwa hajaacha kigingi chake. Alisogea karibu na ukuta, akaangalia maandishi yangu kwa muda mrefu, kuanzia mwanzo hadi nukta, kama anayesahihisha.

"Batoto yangu habayajua kuandika hii," akasema. "Vidole yabo ingali inalala. Tuko kwa fimbo na mawimbi. Angalia hii K, komanda. Angalia hii goti. Hii ni mukono ya muntu mukubwa, mwenye alimaliza masomo. Mukono ya kweli."

Sasa fikiria. Miezi yote ile nilisubiri sifa moja, na nikaipata mbele ya mji mzima. Mukono ya kweli! Kila mtu mwenye akili pale alielewa kwamba mwanamke yule anadanganya ili atuokoe. Mimi pia nilielewa. Lakini kulikuwa na sehemu yangu ambayo haikusikia chochote baada ya neno goti, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na mdomo.

"Lakini sisi tunajua K!" nikasema.

Nilisikia mama akivuta pumzi. Komanda aligeuka polepole.

"We ni nani?"

"Alenga."

"Kuja hapa, Alenga. Unajua K? Andika." Akaokota kipande changu cha muhogo palepale nilipokitupa, akanipa. "Andika Komanda. Hapa, chini ya hii ingine."

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi: kuandika vibaya. Nilikuwa mtaalamu wa kuandika vibaya, nilikuwa nimefanya hivyo kwa majuma na majuma bila kujitahidi. Niliweka muhogo ukutani, nikauambia mkono wangu uvurunde. Ukashusha mgongo uliosimama wima kama mlingoti. Nikauambia tena. Ukakataa. Naapa kwamba ulikataa. Vidole vilikuwa vimeamka na havikutaka kurudi kulala kwa amri ya mtu yeyote, hata yangu. Nilihisi mkono unapanda kuelekea kwenye kona, na goti liko palepale linasubiri kupinda, na likipinda tu, Madamu anaingia chumba chenye dirisha la daftari. Jasho likaniingia machoni. Nikafungua vidole. Muhogo ukaanguka. Niliinama kuuokota, na nilipoinuka ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Watoto thelathini walijua kwamba mimi ni wa kulia. Mama zao walijua. Madamu alijua kuliko wote. Hakuna aliyekohoa. Mkono wa kushoto, maskini, haukuwahi kuchambua hata haragwe moja. Ulitoka na K iliyoanguka chali, a mbili zilizopasuka kama mayai, na kitu mwishoni ambacho hata mimi sikukitambua. Komanda akalinganisha maneno ya juu na ya chini. Askari mmoja alianza kucheka puani. Hapo ndipo Etabo, akiwa na vifungo vyake vyote, alipofanya jambo la maana pekee maishani mwake. Alisogea mbele akasema kwa heshima kubwa:

"Komanda, ule ndiye wa kwanza kwa darasa yetu."

Askari wote wawili walipasuka. Komanda mwenyewe alijizuia, akashindwa, meno yakatoka. "Kama ye ndiye wa kwanza!" akasema. "Madamu, unafundishaka nini kule?"

"Ndiyo sababu tunapashwa kusoma kila siku, komanda," Madamu akajibu, bila kutabasamu, bila kutetemeka. "Kila siku. Unaona mwenyewe."

Komanda alituangalia mmoja mmoja, sisi na mama zetu, kicheko kikaisha usoni mwake. Akasema tufute ukuta, na akiona neno lingine atauliza kwa njia nyingine. Akaingia ndani. Nilifuta mimi, kwa shati langu lililoloweshwa. K ya kushoto ilitoka haraka. Ile ya kulia ilishikilia, kana kwamba nayo ilikuwa na kiburi, na ilinibidi niisugue mpaka goti lilipopotea, na sitasema kama nililia au ni jasho lilelile. Nilipopita karibu na Madamu aliinama kama anayefunga sandale yake. "Goti, nzuri," akanong'ona. "Mukia ya ile j, hapana." Asubuhi iliyofuata niliamka nikifikiri hakuna mzazi atakayemleta mtoto wake ufuoni. Kamba zilikuwa zimekazwa. Watoto walikuwa wote, na mmoja zaidi, aliyekuja na dada yake kwa sababu alisikia kwamba kwetu mtu wa kwanza darasani haandiki vizuri, akaona atapata nafasi.

Jogoo hakurudi, usije ukadanganyika. Askari wale waliondoka, wakaja wengine na njaa yao, nao wakaondoka. Shule imepakwa rangi ya samawati, ina madawati mapya, na siku hizi niko sekondari, nafukuzwa darasani kwa kucheka mara mbili kwa juma, ambayo ni nafuu kuliko mwaka jana. Wadogo wetu wana kalamu za biki na daftari lenye picha ya mchezaji mpira, na hakuna anayewauliza vidole vyao vimeamka au la. Wanashika biki kama mpini wa jembe, na mwandiko wao unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Mimi barua za mapenzi za nusu ya darasa huandikwa kwa mkono wangu, na wasichana wanashangaa kwa nini wavulana wote wa Baraka wana K moja. Madamu Riziki bado anafundisha, macho yamepungua, na nikimpelekea kitu nilichoandika bado ananipa saba juu ya kumi kwa sababu ya mkia wa j. Wageni huja na vinasa sauti kutuuliza kuhusu vita, na wanakaa wakisubiri tulie. Waliokufa tunawajua kwa majina, na tunawalilia wenyewe kwa wakati wetu. Mgeni akiniuliza mimi vita vilinifanya nini, naomba karatasi yake, namwandikia K. Sisemi nyakati zile zilikuwa nzuri. Anayesema hivyo aende akapikie dawati lake. Nasema tu kwamba walichukua darasa, madawati, chaki na jogoo, na mkono huu walishindwa kuuchukua, ingawa nilikuwa nao mbele yao, umeshika ushahidi.

Imebaki siku yenyewe ya ukuta, baada ya kufuta. Nilitembea nyuma ya mama mpaka nyumbani, nikiwa na shati lililolowa, nikingoja fimbo. Alikaa kwenye kigoda, akavuta sinia la ndagala, akaanza kuwatenganisha wakubwa na wadogo, kama alivyowageuza siku ile ya jogoo. Nikakaa karibu naye, nikaanza kutenganisha nami, kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha mama akasema, bila kuinua macho:

"Ukirudilia kuandika kwa ukuta ya baaskari, hiyo mukono nitaivunja mi mwenyewe. Lakini nilimuangalia ule komanda. Mi sijui kusoma, lakini najua kuona muntu mwenye kazi inamushinda. Anasomaka na kidole, anapumzika kwa kila neno. We, Alenga, unaandika mbio kuliko ye anasoma."